UZI: Kupanga mgodi wa wazi kwa awamu kwenye ardhi iliyokwisha kuchimbwa

#1 Mpimangazi

Wakuu, uzi huu ni wa wanaopanga mgodi wa wazi mahali ambapo wengine walishapita: pana shimo la zamani lenye maji, marundo ya kifusi, bwawa la marudio (tope linalobaki baada ya mbale kuchenjuliwa), na mara nyingi mahandaki chini yake. Kosa linalojirudia kwenye mipango ya namna hii ni kuchora awamu ya kwanza pale mbale (mawe yenye madini) ilipo tajiri, kisha ndipo mtu aulize kifusi kitakwenda wapi. Kwenye ardhi iliyochimbwa, foleni ya awamu hupangwa na nafasi ya kumwaga kifusi. Utajiri wa mbale unakuja wa pili.

Kifusi cha awamu ya kwanza hakina pa kwenda ndani ya mgodi, maana hujafungua kitu bado. Kitamwagwa nje, juu ya ardhi ambayo huenda ina mbale chini yake, au juu ya rundo la zamani ambalo hakuna anayejua limekalia nini. Lakini ardhi hii ina zawadi ambayo ardhi mpya haina: shimo la zamani. Likikaushwa, na sakafu yake ikachorongwa kuhakikisha hufukii mbale utakayoitaka kesho, linapokea kifusi cha awamu ya kwanza. Awamu ya kwanza ikiisha, nafasi iliyoachwa wazi inapokea kifusi cha awamu ya pili, na mnaendelea hivyo hadi mwisho.

Kwa hiyo awamu ya kwanza inafaa iwe ile iliyo jirani na shimo la zamani, isiyo na mahandaki mengi chini, na yenye mbale ya kutosha kulipia gharama zake hata kama si tajiri kuliko zote. Sehemu yenye mahandaki mengi iende awamu ya pili au ya tatu, wakati mmeshaijua tabia ya mwamba na ya maji.

Karibuni mwongeze na mkosoe.

#2 Kokoto

Mkuu, upande wa ujazo. Wengi wanatumia kizidisho kimoja cha kuvimba, 1.3, kwa kila kinachochimbwa. Kuna ubaya gani?

#3 Mpimangazi

Ubaya ni mkubwa, Kokoto, maana kifusi cha zamani kilishavimba mara moja, na hakivimbi tena kama mwamba mzima.

Mwamba mgumu ukilipuliwa unakuwa kati ya 1.3 na 1.4 ya ujazo wake wa awali, kisha ukimwagwa na kushindiliwa na magari unarudi karibu 1.15 hadi 1.2. Kifusi cha zamani ukikichota kinalegea kidogo tu, na ukikishindilia kwa tabaka kinarudi kama kilivyokuwa au chini ya hapo.

Chukua awamu yenye meta za ujazo 400,000 za mwamba mzima na 150,000 za kifusi cha zamani. Kwa 1.2 mwamba utachukua nafasi ya 480,000, kifusi 150,000, jumla 630,000. Ukitumia 1.3 kwa vyote unapata 715,000. Tofauti ni meta za ujazo 85,000, na hiyo inaweza kukufanya ukodi ardhi ya rundo la nje usilolihitaji, au ubaki na shimo la mwisho ambalo ulidhani limeshajaa.

Upande wa tani kuna kosa kama hilo. Mwamba wa tani 2.6 kwa meta ya ujazo si sawa na kifusi cha tani 1.8. Ukitumia 2.6 kwa zile 150,000, umeandika kwenye mpango tani 120,000 zisizokuwepo, na umenunua dizeli na muda wa magari kwa ajili yake. Kama ndani ya kifusi hicho kuna mbale ya daraja la chini unayotegemea kuiuza, basi umeuza hewa.

Pima uzito huo palepale. Chimba shimo dogo lenye kuta safi, pima ujazo wake kwa maji juu ya karatasi ya plastiki, pima uzito wa ulichotoa kikiwa kibichi na kikiwa kikavu. Rudia sehemu nyingi, kwa sababu rundo lililomwagwa kwa magari na lililosukumwa na buldoza havilingani.

#4 Ramani_Kuukuu

Mleta uzi, kabla ya ujazo kuna ramani. Ramani za mgodi wa zamani zina gridi ya mgodi wenyewe, kaskazini yake mara nyingi ni ya dira ya mwaka ule, vipimo ni futi, na kimo kimehesabiwa kutoka mdomo wa shimo la wima waliloamua wenyewe kuliita 1,000. Huwezi kuipachika kwenye kompyuta kwa macho.

Tafuta alama zilizopo mpaka leo na zilizomo kwenye ramani: midomo ya mashimo ya wima, misingi ya zege ya winchi, milango ya mahandaki. Zipime kwa GPS ya upimaji. Kihesabu, alama mbili zinatosha kuhamisha, kuzungusha na kurekebisha kipimo, lakini hazikuonyeshi kosa lako. Tafuta nne au zaidi, uone zinatofautiana kwa kiasi gani. Kosa la nyuzi 1 tu la mzunguko, ukiwa meta 500 kutoka kwenye alama, linasogeza handaki karibu meta 9. Hiyo inatosha kabisa kuweka ekskaveta juu ya handaki huku ramani ikikuambia uko pembeni.

Jambo la pili, ambalo watu hulisahau: linganisha ramani na rekodi za uzalishaji. Tuseme vitabu vinaonyesha tani 90,000 zilitolewa chini ya ardhi, mbale na kifusi pamoja. Ukihesabu nafasi zilizochorwa unapata meta za ujazo 25,000, ambazo kwa 2.7 ni tani 67,500. Tani 22,500 zimetoka wapi? Ni takriban meta za ujazo 8,300 za mahandaki ambazo hazimo kwenye karatasi. Kazi ya miezi ya mwisho kabla mgodi haujafungwa ndiyo hukosekana, maana hapo walikuwa wanakata nguzo za mwamba zilizoachwa kushika dari, na hakuna aliyelipwa kuchora.

Tukio la Quecreek, Pennsylvania, Julai 2002, ni la mgodi wa chini lakini fundisho ni lilelile. Wachimbaji walitoboa mgodi jirani wa zamani uliojaa maji, kwa sababu ramani waliyokuwa nayo haikuwa ya mwisho. Watu 9 walinaswa kwa zaidi ya saa 77 kabla ya kuokolewa wote.

#5 Kokoto

Na rada ya ardhini? Kuna wanaosema inaonyesha mahandaki yote bila kuchoronga.

#6 Mchorongaji

Rada inaona meta chache, na udongo wa mfinyanzi au maji ya chumvi yakiwepo haioni kitu. Upimaji wa ukinzani wa umeme unafaa zaidi, hasa kutofautisha handaki lenye maji na lenye hewa. Upimaji wa mvutano wa ardhi unashika mapango makubwa. Vyote hivyo vinakuambia uchoronge wapi kwanza. Havikupi ruhusa ya kupeleka mashine.

Ruhusa inatoka kwenye matundu ya uchunguzi, na yanachorongwa upya kutoka kila ngazi (hatua ambazo mgodi unachimbwa kushuka), kabla mashine nzito haijaingia. Mambo matatu:

Nafasi kati ya tundu na tundu iwe ndogo kuliko upana wa pango dogo kabisa unaloliogopa. Handaki la meta 3 halitafutwi kwa gridi ya meta 6. Kama unajua mahandaki yanaelekea wapi, panga mistari ya matundu ikiyakata kwa pembe mraba, matundu yakaribiane kwenye mstari, mistari iachane zaidi. Kwa machimbo membamba yaliyofuata mshipa ulioinama, choronga kwa kulalia. Tundu la wima litapita kando yake.

Kina kivuke ngazi unayochimba sasa na dari itakayobaki chini yake. Ukichoronga kina cha ngazi pekee, unajua tu kwamba hujaanguka bado.

Mwendeshaji aandike alichokisikia: mtambo kuzama ghafla, upepo au maji kutorudi, vumbi kukatika, kasi kuongezeka bila sababu. Karatasi ya mchorongaji ni ushahidi kuliko picha ya kompyuta.

Kuhusu dari, kuna hesabu ya haraka ya kujua mporomoko unaweza kupanda hadi wapi. Dari ikibomoka kifusi chake kinavimba mpaka kinajaza nafasi na kuzuia kilicho juu. Gawanya kimo cha handaki kwa kizidisho cha kuvimba ukitoa 1. Handaki la meta 2.5 na kizidisho 1.25: 2.5 ÷ 0.25 = meta 10, kama mporomoko unapanda ukiwa na upana uleule. Ukipanda kwa umbo la pia, unaochongoka juu, zidisha kwa 3, ni meta 30. Na kama kuna maji yanayobeba kifusi, au handaki limeinama kifusi kikateleza, hesabu hii inavunjika na mporomoko unaweza kufika juu kabisa. Itumieni kuamua wapi pa kuogopa. Unene wa dari ya kupitishia mashine aamue mhandisi wa miamba.

Pango likipatikana, shusha kipima leza kupitia tundu, au sonari kama lina maji, upate umbo lake halisi. Zungusha mpaka mwekundu wa kutoingia kabisa na wa njano wa magari mepesi tu. Kisha ama lijazwe kwa mawe kupitia matundu makubwa, ama dari yake ilipuliwe makusudi iangukie ndani.

Na hewa: pango likifunguka, watu warudi nyuma kwanza na kipima gesi kitangulie. Hewa ya zamani inaweza kuwa haina oksijeni ya kutosha, na maji yaliyolala yanaweza kutoa gesi ya salfidi ya haidrojeni.

#7 Fundi_Baruti

Naongezea ulipuaji, maana hapo ndipo mahandaki huua hata aliye mbali.

Tundu lililotoboa pango likijazwa baruti bila kupimwa, baruti inamiminikia pangoni. Baruti nyingi mahali pamoja, mawe yanaruka kuelekea usikokutegemea. Kinga yake ni hesabu ya kila tundu. Kwa tundu la milimita 89 na mchanganyiko wa nitrati ya amonia na dizeli wenye uzito wa gramu 0.85 kwa sentimeta ya ujazo, kila meta inachukua takriban kilo 5.3. Nguzo ya baruti ya meta 6 ni kilo 32. Ukishamimina 40 na kamba ya kupimia bado haionyeshi kimo kupanda, simama hapohapo. Tundu hilo liripotiwe, lisijaziwe zaidi. Lililotoboa pango lizibwe kwa mfuko wa hewa juu ya pango, liwekewe kokoto, ndipo nguzo fupi ikae juu yake.

Kwenye sakafu ya shimo la zamani utakuta vitako (mabaki ya chini) vya matundu ya baruti ya walioondoka. Kamwe usichoronge ndani ya kitako cha zamani wala karibu yake; kinaweza kuwa na baruti ambayo haikulipuka. Safisha sakafu mpaka ionekane, weka alama ya rangi kila kitako, sogeza mchoro wako.

Kwa makaa ya mawe na miamba yenye pairaiti (madini ya chuma na salfa) kuna joto. Nguzo na marundo ya zamani huwaka polepole bila moshi kuonekana. Pima joto la kila tundu kabla ya kujaza. Miongozo ya Australia inahesabu tundu lenye 55 °C au zaidi kuwa la moto, na hapo taratibu na baruti za kawaida hazitumiki. Pairaiti nayo inaweza kumenyuka na nitrati ya baruti hata mwamba ukiwa wa baridi, kwa hiyo sampuli zipelekwe maabara kwa mtengeneza baruti kabla ya kuchagua aina.

#8 Majimaji

Mmezungumzia shimo la zamani kama pipa tupu. Lina maji, na maji hayo yanashikilia kuta.

Kwanza hesabu ya muda. Shimo lenye meta za ujazo milioni 1.5, pampu za lita 100 kwa sekunde, ni meta za ujazo 8,640 kwa siku, yaani siku 174. Lakini kama yanaingia lita 20 kwa sekunde kutoka ardhini, unatoa 80 tu, ni siku 217. Na ukishateremka, maji ya ardhini huja kwa kasi zaidi. Anayeweka ukaushaji wa miezi 3 kwenye mpango bila kupima mtiririko anajidanganya, na awamu zote zinasogea.

Pili, usikaushe kwa haraka hata kama pampu zinaweza. Maji ya shimo yakishuka haraka kuliko yaliyo ndani ya ukuta, shinikizo linabaki nyuma ya ukuta na ukuta unateleza. Ukuta wa kifusi au wa mwamba uliooza ndio wa kwanza. Weka piezomita (vipima shinikizo la maji) nyuma ya kuta, na zikigoma kushuka, punguza pampu.

Tatu, yanakwenda wapi? Maji ya shimo la zamani mara nyingi yana tabaka. Ya juu safi, ya chini yana chuma na asidi. Sampuli ya ukingoni inakupa ruhusa ya maji ya juu pekee. Chukua sampuli za kina mbalimbali.

Mwisho, milango ya mahandaki iliyozibwa na kifusi. Usiichokonoe kwa ekskaveta. Gold King, Colorado, tarehe 5 Agosti 2015: kazi ya kuufungua mlango wa mgodi wa zamani iliachia takriban lita milioni 11 za maji ya asidi hadi mto Animas. Hapakuwa na tundu lililochorongwa kutoka juu kupima shinikizo la maji nyuma ya kizibo. Tundu hilo ni kazi ndogo mno ukilinganisha na mto mzima.

#9 Mpimangazi

Asante Majimaji. Kuna ulazima wa kukausha lote kabla ya awamu ya kwanza?

#10 Majimaji

Hapana, ikiwa kifusi kinachoingia ni kile kisichotoa asidi na ni mawe, si udongo. Unaweza kukausha nusu, ukamwaga kutoka upande mmoja. Lakini kifusi kilichomwagwa majini hakishindiliki, kitaendelea kuzama miaka mingi, na magari yasikaribie ukingo wake. Yamwage nyuma, buldoza isukume. Na ile sakafu uliyosema ichorongwe? Ukimwaga majini, umeshaifunga. Choronga kwanza kutoka kwenye jahazi la kuelea au kwa kulalia kutoka ukingoni.

#11 Mzani_wa_Chokaa

Kifusi kipi kinatoa asidi hakijulikani kwa macho. Zidisha asilimia ya salfa kwa 31.25, unapata kilo za mawe ya chokaa zinazohitajika kuituliza tani moja. Salfa 1.2% ni kilo 37.5. Gawanya uwezo wa mwamba wenyewe kutuliza kwa namba hiyo: uwiano chini ya 1 ni hatari, kati ya 1 na 2 ni wa mashaka, juu ya hapo una nafuu.

Kifusi cha zamani kinapotosha hesabu hiyo. Sehemu ya salfa imeshageuka salfeti. Ya jasi haina madhara, ya jarositi bado inatoa asidi. Pima salfa ya salfidi peke yake, na upime pH ya tope, sampuli na maji yaliyokenekwa kwa uwiano sawa. Tope likiwa na pH 3.5 leo, asidi imehifadhiwa humo kama chumvi. Ukilihamisha rundo hilo, mvua ya kwanza itaziosha zote kwa mkupuo. Kwa hiyo lihamishwe kiangazi, lichanganywe na chokaa wakati wa kumwaga, si baadaye juu ya uso, na liwekwe ama chini ya kina ambacho maji ya ardhini yatarudi, ama katikati ya kifusi chema.

Kabla hujagusa chochote, pima maji yanayotoka sasa hivi mwaka mzima, mtiririko na kemia pamoja. Chemchemi ya lita 5 kwa sekunde yenye chuma miligramu 40 kwa lita inabeba zaidi ya kilo 17 za chuma kwa siku. Namba hiyo ikiwa kwenye faili kabla ya kazi, ni ya waliotangulia. Isipokuwepo, ni yako. Marekani ililiweka hili kwenye Sheria ya Maji Safi mwaka 1987 kwa makaa ya mawe: anayechimba upya ardhi ya zamani anaweza kupimwa kwa mzigo uliokuwepo kabla yake, ili mradi asiuzidishe.

#12 Kokoto

Vipimo vya ngazi na barabara juu ya kifusi cha zamani?

#13 Mpimangazi

Ngazi ya meta 10 kwenye mwamba, kwenye kifusi anza na 5. Mteremko wa kifusi kikavu 1 wima kwa 2 mlalo, chenye maji 1 kwa 3, mpaka maabara ikupe namba za kwako. Msidanganywe na rundo linalosimama kwenye nyuzi 37 miaka yote: limesimama hivyo kwa sababu hakuna aliyekata mguu wake. Na chini yake kuna uso wa ardhi wa zamani, udongo wa mfinyanzi na mizizi iliyofukiwa. Maji hukaa hapo, na hapo ndipo rundo huteleza. Chimba rundo kutoka juu kushuka, kamwe si kwa kula mguu.

Barabara ya njia mbili iwe mara 3 hadi 3.5 ya upana wa gari. Gari la meta 3.5 linataka meta 12, pamoja na tuta la ukingoni lenye kimo cha angalau nusu ya tairi, na mtaro. Mwinuko 8% juu ya kifusi; 10% inawezekana juu ya mwamba. Eneo la kazi la kila awamu lisiwe jembamba kuliko meta 25 hadi 30 kwa gari la ukubwa huo, la sivyo magari yanarudi kinyumenyume kwenye ukingo.

#14 Udongo_Hai

Marudio yamepitiwa haraka. Uso mkavu wa bwawa la zamani unabeba mtu na haubebi buldoza. Kata mitaro ya kukausha kwanza, chimba kwa vipande vya meta 1 hadi 2 kwenda chini, mtambo ukae juu ya mawe yaliyotandazwa, na usiache ukuta wima wa tope. Tope lililolegea na kujaa maji linaweza kugeuka uji ghafla, kwa mtikisiko tu wa magari au wa ulipuaji wa awamu jirani. Ratiba ya ulipuaji na ya bwawa zisomwe pamoja.

Kuhusu udongo wa juu: awamu ya hekta 6 inayotaka sentimeta 20 inahitaji meta za ujazo 12,000. Kama nusu ya eneo ilishavurugwa na nusu iliyobaki ina sentimeta 15, unapata 4,500. Pengo la 7,500 lijulikane sasa, si siku ya kupanda miti. Udongo wa awamu ya pili upelekwe moja kwa moja juu ya awamu ya kwanza. Ukilundikwa, usizidi meta 2 na usikae mwaka. Kabla ya kuutandaza, chana kifusi kilichoshindiliwa na magari kina cha nusu meta, kufuata kontua (mistari ya kimo kimoja).

#15 Ramani_Kuukuu

Nyongeza mbili kwa mpangaji. Kila awamu iandikiwe gharama ya kuifunga kana kwamba kazi inasimama siku hiyo: kuta zimelazwa kiasi gani, pampu zikizimwa maji yatapanda hadi wapi, kifusi kipi kiko wazi. Ukikuta awamu ambayo haiwezi kuachwa salama mpaka inayofuata ianze, badilisha mpaka wa awamu hizo. Bei ya madini ikianguka, hakuna atakayekuja kuanza inayofuata.

Na sakafu ya kila awamu ipimwe kwa droni na GPS kabla kifusi hakijaingia: mipaka, mapango yaliyojazwa na yaliyobaki, vitako vya matundu, mahali kifusi cha asidi kilipolazwa. Ramani iandikwe mfumo wa koordineti, kizio cha kimo (mahali kimo kinapohesabiwa kutoka) na tarehe, nakala ikae kwa mamlaka ya madini. Kifusi kikishaingia, hakuna atakayeweza kuipima tena.

#16 Mchorongaji

Ongeza matundu ya uchunguzi yote kwenye ramani hiyo, hata yasiyokuta kitu, na kina chake. Tundu lisilozibwa ni njia ya maji kati ya tabaka. Lizibwe kwa saruji, na liandikwe kuwa limezibwa.